Mpiga Chapa Aliyekataa Aya Moja

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Taipu atafunika kompyuta yake kwa kile kitambaa cha maua alichoshonewa na mumewe, atafunga droo na kukabidhi ufunguo. Atakuwa amelitumikia Shirika letu la pampu kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja nimezihesabu mwenyewe, kwa sababu wasifu wa mistari tisa uliotoka Ofisi ya Utumishi unasema "takriban miaka thelathini." Takriban! Mtu anapunguziwa miaka minne ya maisha yake kama vile ni chumvi iliyozidi kwenye mchuzi.

Wasifu huo ndio ulionishikisha kalamu. Kamati ya Wafanyakazi, ambayo ndiyo yenye jarida hili (nalisema mapema ili mwenye kukasirika ajue mlango wa kugonga), iliusoma, kisha ikaniita. Wengine walitaka kazi hii apewe mhasibu kwa kuwa ana diploma. Mimi shule yangu iliishia kidato cha pili, na hata hicho cha pili hatukuagana vizuri. Lakini hakuna mkereza vyuma anayenifikia katika karakana hii, na mbishi alete chuma chake. Na mtu wa kumweleza Mama Taipu ni mkereza vyuma. Mhasibu angeweza kuuliza tu analipwa ngapi.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, wakati chumba cha wapiga chapa kilikuwa na wanawake saba na taipureta saba, na kelele zake zilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Kompyuta zilipoingia, saba wakawa wanne, wanne wakawa wawili, mwisho akabaki yeye na jina lake la utani. Wakurugenzi watano wamepita mikononi mwake. Nasema mikononi mwake kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kujua kuandika barua. Mmoja, wa pili au wa tatu, aliwahi kumpa rasimu iliyoanza: "Ninasikitika kuwafahamisha kwamba nimefurahi sana." Mama Taipu aliirudisha ofisini kwake akaiweka mezani taratibu. "Mkuu," akasema, "chagua moja, nikachape." Mkuu akachagua kusikitika.

Wasifu wa Utumishi unaishia hapo: kasi ya kuchapa, uaminifu, kuwahi kazini. Kuhusu mashine yake, kimya. Kuhusu aya moja aliyokataa kuichapa, kimya kabisa, kama nyumba yenye deni.

Basi tuanze na mashine. Miaka kumi na minne iliyopita, jirani yake mfuga kuku alikuwa na dubwana la chuma ndani ya banda, na kuku walikuwa wakitagia kwenye trei yake. Lilikuwa kerezo, ile mashine inayobana kipande cha chuma na kukizungusha huku kisu kikikichonga. Ilikuwa nzee kuliko jirani mwenyewe, aliyeirithi kwa baba mkubwa wake na hakujua hata inakula nini. Mama Taipu alikuwa amekwenda kununua mayai. Alirudi na mayai, na baada ya wiki moja akarudi na kerezo, kwa mkokoteni, wanaume wanane wakisukuma na mumewe akiongoza mbele kama anapeleka bibi harusi. Mtaa mzima ulicheka. Mpiga chapa na mashine ya kukereza! Hata mimi nilipokuja kusimuliwa miaka ya baadaye nilicheka, na ninaomba radhi hapa hapa kwa maandishi, jambo ambalo wakubwa wengine halijawahi kuwatoka.

Ilimchukua miaka miwili ya Jumamosi. Kwanza kutu. Alipaka mafuta ya taa, akasubiri, akakwangua kwa kipande cha mbao, akapaka tena. Shemeji yake, kaka wa mumewe, alikuja siku moja na msasa mkali kutaka kusaidia, akafukuzwa hadi uani. "Shemeji, hizo reli mbili ndipo kisu kinapopita. Hayo ndiyo macho ya mashine. Ukiyakwaruza, itakuwa makengeza maisha yake yote." Mkanda wa kuzungushia ulikuwa umeliwa na panya, na mumewe, ambaye ni fundi cherehani, akamshonea mwingine wa ngozi, mishono miwili miwili, akasema hajawahi kumshonea mteja mkaidi hivyo. Gia zilikuwa wazi zikisubiri nguo ya mtu. Mama akaomba Shirika limpe kabati la faili lililotupwa nyuma ya stoo, akalipata kwa kibali na mhuri, akalikata na kutengeneza kifuniko. Mpaka leo ukienda kwake utakuta gia zimefunikwa na droo iliyoandikwa SIRI.

Na umeme. Wangapi wanajua hili? Umeme ukikatika mashine inasimama, mtu anasogea, anaingiza mkono kufuta vumbi, umeme unarudi, mashine inaanza yenyewe na mkono umo ndani. Mama Taipu alimtafuta fundi umeme akamfungia swichi ambayo umeme ukirudi haiwaki mpaka uibonyeze tena kwa hiari yako. Katika karakana yetu sisi, wataalamu wenye vyeti, swichi ya namna hiyo tumefungiwa mwaka juzi.

Kitu cha kwanza alichokereza kilikuwa kirungu cha kuviringishia karatasi kwenye taipureta, maana cha zamani kilikuwa kimepasuka na stoo walisema hakipatikani duniani. Baada ya hapo akawa anakereza anachopenda: pia za kuchezea za wajukuu, vishikio vya masufuria, kipete cha bushi cha cherehani ya mumewe. Hauzi. Ukimuuliza bei anakutazama kama umemuuliza bei ya mjukuu.

Nilikwenda kumtembelea mara ya kwanza nikiwa na kiburi changu chote na saa mpya mkononi. Mlangoni akanyoosha kiganja: saa. Nikavua. Pete. Nikavua. Shati lenye mikono mirefu, nikakunja hadi juu ya kiwiko. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunga kilemba kikamkaza, pete ya ndoa ikiwa kwenye kikombe cha chai dirishani, miwani usoni, na kanga yake ameichomeka kama anakwenda kupigana. Nikamwambia, "Mama, usinifundishe. Mashine yangu kazini ni kubwa mara tatu ya hii."

"Basi itakukata mara tatu, mwanangu."

Siku hiyo alinieleza jambo moja nililokuwa nalifanya miaka minne bila kujua sababu yake. Kwenye kerezo hatuvai glavu. Ngozi ikiguswa na chuma kinachozunguka inachubuka, unapiga kelele, unaondoa mkono. Glavu haichubuki. Glavu inashikwa, inasokotwa, nayo haiachi mkono uliomo ndani. Nilisema ndiyo, ndiyo, najua. Nikala maandazi yake nikaondoka.

Sasa nafika kwenye uchungu wenyewe, na msomaji anisamehe kama sauti itapanda.

Miaka mitatu iliyopita tuliletewa Bwana Usalama. Alikuwa ametoka kwenye kozi ya wiki mbili na kofia nyeupe isiyo na mkwaruzo. Wiki yake ya kwanza mtu wa stoo alijikata kiganja kwenye bati. Bwana Usalama akaandika waraka wa kurasa mbili, akampelekea Mama Taipu achape. Aya ya nne ilisema kwamba kuanzia tarehe mosi, kila mfanyakazi wa karakana, bila kujali mashine anayotumia, avae glavu muda wote wa kazi.

Mama alichapa zote isipokuwa ya nne. Mahali pake aliacha nafasi nyeupe, na kwenye rasimu pembeni akaandika kwa penseli: Hii hapana. Akaipeleka mwenyewe, akamweleza yale aliyonieleza mimi, kwa heshima, amesimama. Mlango ulikuwa wazi na mhudumu wa chai alikuwa anapita na sinia, ndiyo maana Shirika zima linajua yaliyosemwa.

"Mama," akasema Bwana Usalama, "kazi yako ni kuchapa. Siyo kufikiri."

"Basi mtafute asiyefikiri akuchapie."

Alipatikana. Hatumtaji, ana watoto. Waraka ukatoka na aya zake zote, na Mama Taipu akapewa barua ya onyo kwa "ukaidi na kuvuka mipaka ya taaluma yake." Na barua za onyo za Shirika zinachapwa na nani? Na yeye! Walimletea rasimu ya onyo lake mwenyewe. Aliichapa. Walikuwa wamekosea kuandika "utovu", akawarekebishia. Akatoa nakala tatu, moja ya Mkurugenzi, moja ya faili, moja yake, akapeleka zikasainiwe, akarudi kumalizia barua za siku. Mimi ningepindua meza. Ndiyo maana mimi siyo yeye.

Tukavishwa glavu. Zilikuwa za njano, zote saizi moja, ile ya jitu. Nikiri hapa, maana wasifu wa mtu mkweli usiandikwe na mwongo: nilizipenda. Nilijiona golikipa. Nilikumbuka maneno ya Mama Taipu, nikasema, aah, wakubwa wameshaamua, na mimi mwenyewe si bingwa? Siku ya saba nilikuwa naing'arisha shafti ya pampu kwa msasa, mashine inazunguka, na ncha ya glavu ikagusa. Ikagusa tu. Sikuona kitu. Nilisikia mkono unaitwa ndani. Kilichoniokoa ni ujinga wa aliyeagiza saizi: glavu ilikuwa kubwa mno, ikachomoka na kubaki inazunguka peke yake, pa, pa, pa, inapiga mashine makofi. Ingekuwa saizi yangu, leo ningekuwa naandika haya kwa mkono wa kushoto.

Kidole changu cha shahada kilivunjika mahali pawili, na tangu siku hiyo hakikunjiki. Nikikunyooshea kidole usidhani nakulaumu, ndivyo kilivyo. Ila leo nakulaumu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu nikavunjika kidole. Wahenga warudi wakae kikao upya.

Mama Taipu alikuja kunitazama hospitali. Nilijiandaa kusikia "nilikwambia", nikaweka uso tayari. Hakulisema. Alikaa, akanimenyea chungwa kwa kuwa nisingeweza, akauliza, "Vingine vizima?"

"Vizima tisa, Mama."

"Tisa vinatosha. Kula."

Nilijua, jamani. Nilikuwa nimeambiwa na nilijua, nikavaa. Hilo linaniuma kuliko kidole chenyewe.

Sikilizeni kilichofuata. Ripoti ya ajali iliandika: "Chanzo: fundi kukosa umakini." Waraka ukang'olewa kwenye ubao wa matangazo asubuhi moja bila tangazo, pini zikabaki zinatutazama. Bwana Usalama akahamishiwa makao makuu, kwenye ofisi yenye zulia. Waraka ulikufa, barua ya onyo ikabaki hai. Haikufutwa. Iko kwenye faili la Mama Taipu hadi leo, namba ya ukurasa naijua. Mwanamke aliyesema kweli ndiye mwenye doa, na waliosema uongo wana zulia.

Mtasema, yeye anastaafu, doa la faili litamfanya nini? Litamfanya hivi. Chuo cha ufundi kilicho ng'ambo ya barabara kinaanzisha darasa la Jumamosi kwa watu wanaotaka kufufua mashine kuukuu na kuzitumia bila kukatwa vidole. Mama Taipu alitaka kufundisha hapo. Hajawahi kutaka kitu hapa kazini, hata feni alisubiri miaka sita bila kuuliza, lakini hili alilitaka. Alikuwa ameshachora mchoro wa somo la kwanza kwenye karatasi ya zamani ya kaboni. Na chuo kinadai fomu ya mwenendo kutoka kwa mwajiri, yenye swali: Amewahi kupewa onyo la maandishi?

Ofisi ya Utumishi ilimwita ikampa njia, kwa tabasamu. Aandike barua ya kuomba radhi, onyo litaondolewa, fomu itatoka safi. Rasimu ya radhi ilikuwa tayari, wamemwandikia, yeye achape tu na kusaini. Alikaa nayo siku moja. Mumewe ameniambia kwamba jioni hiyo hakuigusa mashine, aliketi karibu nayo tu. Kesho yake aliirudisha rasimu ikiwa na maneno mawili pembeni, kwa penseli, na kila aliyewahi kufanya naye kazi anayajua maneno hayo.

Ndipo nikaenda kwa Mkurugenzi mwenyewe, na ovaroli yangu, bila miadi.

"Kijana, umesoma mpaka wapi?" akaniuliza kabla sijafunga mlango.

"Kidato cha pili, mkuu. Lakini kidole changu kimemaliza chuo."

Nikakiweka mezani pake. Alikitazama, akatazama dirisha, akasema suala hilo lina taratibu zake. Nikamwambia taratibu nazijua, nimekuja kuuliza haki. Akasema nitajibiwa. Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Karakana nzima tumesaini barua ya kutaka onyo lifutwe, majina arobaini na moja, mengine yana mafuta ya mashine. Iko kwenye trei yake upande wa kushoto. Mhudumu wa chai anatuhakikishia haijasogea.

Fomu ikatoka, na kwenye swali lile wameweka alama ya Ndiyo, kwa wino mweusi. Jumatatu iliyopita Mama Taipu aliichukua, akaiambatanisha na nakala yake ya barua ya onyo, maana alisema hawezi kupeleka kosa bila kupeleka maelezo yake. Nilivuka naye barabara. Nilijipa cheo cha mlinzi. Yeye alikuwa amevaa gauni lake la kijivu la vikao na mkoba mkononi, kama anakwenda kuchukua matokeo ya mtihani wa mtu mwingine.

Mkuu wa chuo ni mzee mfupi aliyekereza vyuma miaka ishirini kabla ya kukalia kiti. Alisoma fomu akakunja uso. Nikaona basi, kwisha. Kisha akasoma barua ya onyo. Akaisoma tena amesimama.

"Hii nani kaichapa? Haina kosa hata moja."

"Mimi," akasema Mama Taipu. "Nani mwingine angeichapa?"

Mzee hakucheka. Alitoka nje na ile karatasi mkononi, nasi nyuma yake, hadi karakana ya chuo ambako vijana kama ishirini walikuwa kazini. Akaamuru mashine zizimwe. Zilipotulia akawasomea barua nzima kwa sauti, tarehe, kumbukumbu namba, kukataa kuchapa aya ya glavu, ukaidi, mipaka ya taaluma, mpaka sahihi. Halafu akasema: "Huyu mama ameonywa kwa maandishi kwa sababu ya vidole vya watu ambao hata hawakumwomba. Ndiye mwalimu wenu wa Jumamosi. Mwenye pete aanze kuvua."

Nilimwangalia Mama Taipu. Alikuwa anafungua mkoba na kuufunga, anaufungua na kuufunga, bila kutafuta kitu ndani.

Kwa hiyo, wakubwa wa Shirika, mambo yake yamenyooka bila nyinyi. Msijipigie makofi. Na msidhani ile barua yenye majina arobaini na moja sasa haina kazi, mkaitupa. Yeye hahitaji tena kufutiwa onyo. Tunaohitaji ni sisi tunaobaki, tunaozisimamia mashine zenu kila asubuhi. Kesho mtaandika waraka mwingine, maana hamchoki, na siku hiyo mtu atakayeusoma kwanza anahitaji kujua kama katika nyumba hii kusema "hii hapana" ni kosa. Jibuni hilo. Mnayo kalamu, na mpaka tarehe thelathini mnaye pia wa kuwachapia.

Mama Taipu, kwa niaba ya karakana, stoo, jiko la chai na hata chumba cha wapiga chapa chenye kiti kimoja, ahsante. Ahsante kwa barua elfu ulizotusahihishia tukaonekana tumesoma. Ahsante kwa chungwa. Ukapumzike vizuri na mzee wako, Mungu akupe afya na wajukuu wasikivu, na wanafunzi wako wa Jumamosi wazeeke wakiwa na vidole kumi kila mmoja. Mimi nimejiandikisha darasa lako. Usinipendelee.